Hatua Ngapi Kutoka kwa Nyati? Masafa ya Risasi, Ndabibi na Kwingineko

Nyati akishuka kutoka msitu wa Eburu akaingia kwenye mahindi ya mtu Ndabibi, karibu na Ziwa Naivasha, watu hupiga simu kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Maafisa wakifika, na ikiwa nyati huyo ameshajeruhi mtu au hafukuziki, mmoja wao atalazimika kuamua jambo ambalo wanakijiji hawalioni: asimame umbali gani ndipo afyatue risasi. Mita 40? Mita 150? Avuke uwanja amkaribie, au ampige kutoka barabarani alipo, kabla hajarudi kichakani?

Kuna anayeweza kudhani kwamba swali hili lilikufa Mei 1977, Kenya ilipopiga marufuku uwindaji wa leseni, miaka minne baada ya kuufunga ule wa tembo. Halikufa. Lilihama tu kutoka kwa mgeni mwenye leseni na mwindaji wake wa kulipwa, likaenda kwa afisa wa wanyamapori na daktari wa mifugo mwenye bunduki ya sindano. Hata kwa wale waliowinda zamani, sidhani kama lilijibiwa vizuri. Waliuliza bunduki inafika wapi. Swali linalofaa kuulizwa ni jingine: mpigaji huyu, kwa mkono wake na pumzi zake za sasa, anaweza kuhakikisha nini kutoka hapa alipo? Na akikosea, ni nani atakayekutana na mnyama aliyejeruhiwa? Kwa Ndabibi jibu la swali la pili linajulikana. Ni mama anayetoka alfajiri kutafuta kuni, na mtoto anayekatiza shambani kwenda shule.

Kabla ya baruti, masafa yaliamuliwa na silaha yenyewe, na yalikuwa mafupi. Waogiek, ambao Eburu na Mau ni makao yao ya tangu kale, waliwinda kwa upinde, mkuki, mbwa na mitego, na mishale yao ilipakwa sumu iliyochemshwa kutoka kwa mti wa msunguti. Sumu hiyo hushambulia moyo. Mshale haukuhitaji kuvunja mfupa, ulihitaji kuingia kwenye nyama tu, lakini ili uingie ilibidi mpigaji awe karibu, hatua 20 au 30, ndani ya msitu ambao hata hivyo haumruhusu mtu kuona mbali zaidi. Wahadzabe wa bonde la Eyasi, upande wa Tanzania, bado huwinda kwa upinde katika masafa yanayolingana na hayo. Wawata wa Tsavo walikuwa na pinde nzito kuliko zote nchini, zenye kuhitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuzivuta, na kwa nguvu yote hiyo bado walimnyemelea tembo mpaka hatua chache kutoka ubavuni mwake. Upinde mzito haukuwaongezea umbali. Uliuzamisha mshale ndani zaidi. Morani wa Kimaasai aliyemkabili simba kwa mkuki hakuwa na masafa ya kujadili. Alisubiri simba aje.

Bunduki ndiyo iliyoleta uwezekano wa kupiga mnyama ambaye hajajua kama upo. Na pamoja nao likaja kundi jipya la wanyama: wale wanaopigwa na kwenda zao.

Ushahidi wa mapema na wa wazi tulionao ni wa Theodore Roosevelt, aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1909 mara tu baada ya kuondoka madarakani Marekani. Alifika Naivasha, akawinda viboko akiwa ndani ya mashua ziwani, kilomita chache tu kutoka Ndabibi. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari ile, baba 296 na mwana 216. Alikuwa na macho mabovu. Jicho la kushoto lilikuwa limepofuka kwa sababu ya ngumi za mazoezi. Katika kitabu chake hakuficha kwamba kwenye mbuga za wazi alipiga kutoka mbali mno, kwamba alikosa mara nyingi, na kwamba alitumia risasi nyingi kwa mnyama mmoja. Wapo wanaomsifu kwa ukweli huo. Mimi nasoma mle hesabu nyingine: kila risasi iliyokosa moyo ikapata tumbo au mguu ilikuwa na mnyama wake, na wengi wa hao hawawezi kuwamo katika ile 512.

Upande wa pili yuko W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua zaidi ya tembo 1,000 kwa ajili ya pembe, na hilo si jambo la kushangilia. Lakini njia yake ina funzo. Wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimita 7, ambayo leo hakuna sheria ingeiruhusu kwa tembo. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na alijongea karibu sana. Roosevelt alikuwa na bunduki kubwa na umbali mkubwa. Bell alikuwa na bunduki ndogo na umbali mdogo. Kati ya wawili hao, aliyejua risasi yake itatua wapi ni Bell.

Wawindaji wa kulipwa wa Nairobi, waliounda chama chao mwaka 1934 kikadumu hadi marufuku ya 1977, walijifunza hilo kwa damu. Desturi yao ilikuwa ngumu kwa mteja mwenye haraka: nyati apigwe ndani ya yadi 100, na ikiwezekana nusu ya hapo, tembo ndani ya yadi 40. Mteja akijeruhi mnyama wa hatari, mteja hukaa na aliyemwongoza huingia kichakani. Sheria nayo ilisukuma upande huohuo. Ilikataza kupiga risasi ukiwa ndani ya gari, na ilitaka mwindaji awe amejitenga na gari kwa yadi 200 hivi, kwa hiyo ilimlazimisha atembee. Mnyama aliyejeruhiwa alihesabiwa kama aliyeuawa kwenye leseni, utaratibu ambao Tanzania inao hadi sasa, pamoja na kima cha chini cha kipenyo cha inchi .375 kwa wanyama wa hatari. Naona utaratibu huo wa kuhesabu ulikuwa na nguvu kuliko mahubiri yote. Ulimfanya mtu alipie umbali wake.

Sasa tuangalie hesabu yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi hujidanganya.

Chukua hiyo .375, bunduki inayojulikana kuliko zote Afrika Mashariki kwa wanyama wakubwa. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 19 na ushee na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Ukiirekebisha shabaha yake ipige sawasawa kwenye mita 100, basi kwenye mita 200 itakuwa imeshuka sentimita 15 hivi chini ya ulipolenga, na kwenye mita 300 itakuwa imeshuka zaidi ya nusu mita. Kosa la kukadiria umbali halina maana kubwa ukiwa karibu: ukidhani ni mita 60 kumbe ni 100, risasi bado inatua karibu palepale. Lakini ukidhani ni mita 250 kumbe ni 300, tayari umepoteza zaidi ya sentimita 20. Hiyo ni tofauti ya moyo na mguu.

Ongeza upepo. Jioni za Naivasha zina upepo, kila mvuvi wa ziwani anaujua. Upepo wa kilomita 16 kwa saa unaokatiza mbele ya mtutu husogeza risasi ile sentimita tatu au chini ya hapo kwenye mita 100, lakini kwenye mita 300 huisogeza sentimita 20 na zaidi. Ni kweli kwamba Ndabibi iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari na zaidi unapopanda kuelekea Eburu, na hewa nyepesi ya huko huipunguzia risasi mzigo kidogo. Lakini kidogo hicho hakimwokoi mtu.

Kuna pia muda. Risasi huchukua karibu nusu sekunde kufika mita 300. Pundamilia anayetembea polepole tu husogea zaidi ya nusu mita katika muda huo. Mpigaji alilenga nyuma ya bega, akafyatua vizuri kabisa, bila kutetemeka, na bado risasi imeingia tumboni, kwa sababu mnyama aliamua kupiga hatua. Kosa hilo halina darubini ya kulitibu. Vipimo vya miale na darubini zenye alama vimeondoa kosa la kukadiria umbali, na mashine ndogo za kupima upepo zimepunguza kosa la upepo, lakini hakuna kifaa kinachojua mnyama atafanya nini katika nusu sekunde ijayo.

Na bado sijamtaja mpigaji. Fundi mzuri akiwa amelala chini, bunduki imeegemezwa kwenye mfuko wa mchanga, ataweka risasi zake zote ndani ya sentimita tano kwenye mita 100. Mtu huyohuyo akisimama bila egemeo, baada ya kupanda mlima kwa dakika 20 na moyo ukimdunda, ataridhika akiziweka ndani ya sentimita 25. Eneo la moyo na mapafu ya nyati dume ni pana, sentimita 30 au 40, na limekaa chini, kati ya miguu ya mbele, chini zaidi kuliko wengi wanavyofikiri. La swala tomi halizidi kiganja kilichopanuliwa. Kwa hiyo mtu mmoja, siku moja, bunduki moja, ana masafa tofauti kwa nyati na kwa swala, tofauti akiwa ameegemea mti na akiwa wima, tofauti asubuhi na jioni. Anayekwambia “mimi mwisho wangu ni mita 250” bila kueleza amesimamaje, anakupa umbali wa bunduki yake. Wa kwake bado hajaupima.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: chora duara lenye ukubwa wa eneo la uhai la mnyama huyo, piga risasi kumi kwa mkao utakaoutumia kweli, ukiwa umetoka kukimbia, na uanze na mtutu baridi kila mara. Umbali ambao zote kumi zinaingia ndio mpaka wako. Zikiingia nane, umepita. Wawili katika kumi si idadi ndogo ikiwa hao wawili ni nyati.

Marekani, katika miaka ya karibuni, imekuja na mtindo wa kupiga paa na kulungu kutoka mita 600, 800, hata 1,000, kwa bunduki zilizoundwa kwa kazi hiyo. Boone and Crockett, chama ambacho Roosevelt mwenyewe alikianzisha mwaka 1887 pamoja na George Bird Grinnell, kimeukataa mtindo huo kwa hoja kwamba mnyama asiyeweza kukuona, kukusikia wala kukunusa hayumo tena katika shindano lolote. Naiheshimu hoja hiyo, ingawa kwangu si ya kwanza. Hoja ya mnyama kupewa nafasi ina maana kwa anayewinda kwa kupenda. Afisa aliyetumwa kumwondoa nyati aliyeua mtu hashindani na yeyote. Yeye ana wajibu mmoja, kumaliza kwa risasi moja au mbili, na wajibu huo unamrudisha karibu kwa sababu tofauti kabisa.

Lakini karibu kiasi gani? Hapa Ndabibi inaleta ugumu wake.

Ndabibi ilikuwa ranchi ya Gilbert Colvile, mfugaji mkubwa wa ng’ombe wa enzi ya ukoloni, ambaye watu walimsimulia kama mwindaji wa simba kwa mbwa akiwa na Wamaasai wake. Baadaye ardhi ikagawanywa, na leo ni mashamba madogo ya mahindi, viazi na njegere, na maboma yaliyopakana uso kwa uso na misitu. Kaskazini kuna Eburu, msitu wa hekta 8,700 hivi, mmoja wa misitu michache ambamo bongo wa milimani bado wanaishi. Ua wa umeme wa kilomita 43 hivi ulijengwa kuuzunguka katika miaka ya 2010 kwa juhudi za shirika la Rhino Ark na washirika wake, na umepunguza sana uvamizi wa mashamba. Ila wanyama wa upande wa ziwa, wa Kongoni na wa mabonde ya Maiela hawamo ndani ya ua huo. Na chini ya msitu, kila mahali ambako jembe halijafika, kuna mileleshwa.

Mtu asiyeijua mileleshwa hawezi kuuelewa mjadala huu. Ni vichaka vya majani ya kijivu, vinene, virefu kumzidi mtu, na nyati mweusi akisimama ndani yake mita 15 kutoka kwako humwoni mpaka atikise sikio. Kwa hiyo masafa ya Ndabibi ni mawili tu, hayana katikati. Ama uko uwanjani, ambako unaweza kumwona mnyama kwa mita 400, ama uko kwenye mileleshwa, ambako unamwona kwa mita kumi. Nyati aliyepigwa vibaya uwanjani habaki uwanjani. Anaingia kichakani, na kila risasi iliyopigwa kutoka mita 200 ikakosea inageuka kuwa kazi ya mita kumi kesho yake.

Nyati mwenye hasira hukimbia kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa. Hizo ni mita 14 kila sekunde. Akianzia mita 10 huna muda wa kuinua bunduki. Akianzia mita 60 una sekunde nne, zinazotosha kwa risasi ya pili, pengine ya tatu. Ndiyo maana desturi ya wawindaji wa zamani ilikuwa na ncha mbili. Usipige kutoka mbali kuliko uhakika wako, na usipige kutoka karibu kuliko muda wako. Kwa nyati aliye mahali pa wazi, na mpigaji aliyeegemeza bunduki kwenye fito tatu, hiyo huacha nafasi ya mita 40 hadi 80. Ni nafasi finyu. Kuifikia kunahitaji kutembea, kusoma upepo, na mara nyingi kurudi nyumbani bila kupiga.

Daktari wa mifugo anayetumia bunduki ya sindano anaijua ncha hiyo ya pili kuliko mtu yeyote. Sindano yake hurushwa kwa gesi au kwa baruti kidogo, ni nzito na ya polepole, na masafa yake ya kawaida ni mita 20 hadi 50. Kila umbali una nguvu yake ya kurushia. Akiiweka nguvu ya mita 50 kwa mnyama aliye mita 20, sindano inaweza kupasua msuli au kuvunja mfupa. Akifanya kinyume, inaanguka njiani. Ndiyo maana hupima kwa kifaa kila mara, hata anapodhani anajua. Na dawa ya kulaza iliyo ndani ya sindano, etofini, haimwangushi mnyama palepale. Kuna dakika kadhaa ambazo mnyama mwenye sindano mwilini anakimbia, na katika dakika hizo anaweza kuingia majini, kwenye korongo au kati ya nyumba za watu. Daktari huamua umbali wake akiwa ameshaangalia mnyama ataangukia wapi. Natamani kila mwenye bunduki ya risasi angefikiri hivyo.

Kulikuwa na kipindi kifupi ambacho risasi ilirudi katika mashamba ya Naivasha na Nakuru kwa idhini. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, KWS iliruhusu mashamba kadhaa ya watu binafsi kuvuna pundamilia, kongoni na swala kwa mgao maalumu, mpango uliosimamishwa mwaka 2003. Kazi hiyo ilikuwa ya soko la nyama, na mara nyingi ilifanywa usiku, kwa taa, kichwani, kwa makumi machache ya mita. Haikuwa na uzuri wowote wa kuitazama. Lakini kwa jambo hili moja ilikuwa safi: aliyepiga kutoka mbali aliharibu nyama, na aliyeharibu nyama alipoteza kazi.

Baya kuliko vyote ni waya. Mtego wa waya hauna masafa, hauna jicho, hauchagui kati ya swala na bongo, na aliyeutega hayupo mnyama anapoteseka. Katika Eburu vikundi vya doria vimekuwa vikiung’oa miaka nenda miaka rudi. Anayejadili mita 80 au 100 na bado anavumilia waya kwenye mpaka wa shamba lake, mjadala wake haujakamilika.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na malipo hayo huchukua miaka kufika. Mwanakijiji anayeishi karibu na mileleshwa hawezi kuyategemea. Anachotegemea ni ustadi wa yule aliyeitwa. Kwa hiyo ningependa kuona mambo machache yakibadilika katika maandalizi ya maafisa wanaoshughulikia wanyama wasumbufu. Wapimwe shabaha kila mwaka wakiwa wima na wakiwa wamechoka, kwenye duara la ukubwa wa moyo wa nyati, badala ya kulala chini kwenye uwanja wa kijeshi. Wapewe bunduki ya kazi hiyo. Risasi ya bunduki ya kawaida ya milimita 7.62 ina uzito wa nusu tu ya ile ya .375, na haikubuniwa kwa bega la nyati. Kila mpigaji awe na umbali wake ulioandikwa, kwa jina lake, na mkubwa wake aujue.

Na uwekwe utaratibu wa jioni. Ndabibi iko chini kidogo tu ya ikweta, na jua likishazama saa kumi na mbili na nusu, nuru ya kulengea inaisha katika dakika 20. Nyati akionekana saa hiyo, mita 150, ukingoni mwa mileleshwa, afisa asifyatue. Kazi ya usiku huo iwe kupita nyumba kwa nyumba na kumwarifu mwalimu mkuu kwamba watoto wasipite njia ya chini kesho. Arudi alfajiri na msomaji nyayo. Afisa anayerudi kituoni na risasi zake zote, akaeleza kwa nini, asikaripiwe na mtu.